Dawa mbili bahasha moja, nani kakwambia zinaelewana?

Wiki kadhaa zilizopita nilikuwa nimesimama duka la dawa mtaani kwetu nasubiri chenji, mbele yangu kuna dada kashika kikaratasi kimeandikwa kwa peni "UTI sugu" basi, hakuna kingine, na muuzaji bila kuuliza swali la pili akavuta boksi la sipro, akavuta na kopo la doksi, akachukua mkasi akakata vidonge vya sipro, akahesabu kapsuli za doksi kwenye kifuniko cha kopo, akatia kila moja kwenye kibahasha chake, halafu vibahasha vyote viwili ndani ya bahasha moja kubwa. Juu akaandika 1x2. Dada akauliza, "Dokta, nameza zote kwa pamoja?" Akajibiwa, "Eeh dada yangu, hiyo imeshakuwa sugu, moja haitoshi, hapo tunaipiga na mbili."

Tunaipiga na mbili. Nimetembea na hiyo sentensi mpaka nyumbani.

Na simlaumu sana yule jamaa, maana hesabu yake ndiyo hesabu ya kila mtu, ni ile ile ya kidole kimoja hakivunji chawa, ukiona moja imeshindwa ongeza ya pili, ya pili ikishindwa ongeza flaji, na mtu akitoka hapo na bahasha nzito anajisikia ametibiwa kweli. Tatizo ni kwamba jozi aliyoichagua yeye kwa bahati tu, sipro na doksi, ni moja ya jozi za antibayotiki zilizochunguzwa kwa undani mno, na kinachojulikana kuhusu hii jozi ni kwamba ukiwaweka E. koli maabara (na E. koli ndiye anayeongoza kuleta UTI) ukawapa sipro, halafu ukaongeza doksi juu yake, kuna viwango ambavyo bakteria wanakua vizuri ZAIDI kuliko walivyokuwa wanakua na sipro peke yake. Umesoma sawasawa. Umeongeza dawa, mdudu kapata nafuu.

Mimi kazi yangu ni maabara, nimekaa na pleti za kuoteshea bakteria na diski za dawa miaka mingi, na bado siku ya kwanza kuelewa hili jambo nilibisha.

Turudi nyuma kidogo maana hii habari sio mpya hata kidogo. Mwaka 1951 Marekani, madaktari wawili, Mark Lepper na Harry Dowling, walitoa matokeo ya wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo inayoletwa na nimokokasi. Kipindi hicho penisilini ndiyo mfalme, na aureomaisini (ndugu wa hizi doksi na tetrasaiklini zetu) ilikuwa ndiyo kwanza mpya mpya, kila mtu anaitaka. Wagonjwa 43 walipewa penisilini peke yake, wakafa 13, yaani asilimia 30. Wagonjwa 14 walipewa penisilini ile ile pamoja na aureomaisini, wakafa 11. Asilimia 79. Sasa wagonjwa ni wachache na utafiti wenyewe sio wa kupangwa kwa kura kama tunavyodai siku hizi, mtu mbishi anaweza kuutoboa matundu, lakini pengo la 30 na 79 haliombi msamaha. Walikuwa wameongeza dawa nzuri juu ya dawa nzuri na wakazika watu wengi zaidi.

Miaka hiyo hiyo San Francisco kulikuwa na Ernest Jawetz na mwenzake Janet Gunnison, hawa walikuwa wanayaona mambo haya haya kwenye mirija ya maabara na kwa panya, kloramfenikoli inaikwamisha penisilini, na wakaja na mgawanyo ambao mpaka leo wanafunzi wanakariri: kuna dawa zinazoua bakteria na kuna dawa zinazomsimamisha tu asiongezeke, na ukimuwekea muuaji na msimamishaji kwa wakati mmoja msimamishaji anaweza kumharibia kazi muuaji.

Kwa nini? Hapa ndipo patamu.

Bakteria ana ukuta. Akitaka kukua lazima aupanue, na kuupanua maana yake aukate kwanza ndipo aweke kipande kipya, kwa hiyo anatembea na vimeng'enya vyake mwenyewe vya kukata na vingine vya kujenga, siku zote wanafanya kazi pamoja. Penisilini inamshika mikono mjenzi. Mkataji haambiwi kitu, anaendelea kukata tu. Chukulia yule jirani anayeongeza chumba wakati wa masika, ameshabomoa ukuta wa pembeni, tofali zimelala nje, fundi wa kujenga haonekani na simu kazima, halafu mawingu hayo yanakuja. Nyumba inaanguka, na aliyeiangusha kwa sehemu kubwa ni mwenyewe. Ndivyo penisilini inavyoua, na ndivyo amoksi inavyoua, na seftriaksoni, ukoo mzima ule.

Sasa leta doksi. Doksi inaingia kwenye ribosomu, kile kiwanda cha protini, inakifunga. Bakteria hana protini mpya, hakui, hapanui ukuta, kwa hiyo na kukata hakati. Huyu ni jirani aliyeishiwa hela kabla hajabomoa. Chumba hajapata, kweli, ila masika yanapita na nyumba yake imesimama pale pale. Penisilini ikija haina pa kumshika. Kwamba penisilini inawamaliza wale tu wanaozaliana, Gladys Hobby alishaliona New York mwaka 1942, na mwaka 1944 Joseph Bigger kule Dublin akakuta kila akiwapiga stafilokokasi kwa penisilini wanabaki wachache sana wasiokufa, na sio kwamba wana usugu, ukiwaotesha tena watoto wao wanakufa kama kawaida, ni vile tu walikuwa wamesinzia wakati wa mapigo. Kwa hiyo ukimpa mtu dawa ya kuwasinzisha bakteria wote kwa pamoja, unawageuza wengi wafanane na wale wachache wa Bigger. Kwa hela yako.

Mwili wenye kinga nzuri unaweza kuvumilia huo upuuzi, seli nyeupe zinamaliza waliosinzia. Ila kwenye maji ya uti wa mgongo seli hizo na silaha zake ni chache, ndiyo maana wale wa 1951 walikufa vile, na ndiyo maana kwa mtoto mchanga au mtu ambaye kinga imeshuka suala la kuua na kusimamisha linakuwa sio la darasani tena.

Tukija kwa sipro na doksi hadithi inabadilika kidogo na kwangu ndiyo inayonishangaza kuliko zote. Sipro haigusi ukuta, inashambulia DNA, bakteria anashindwa kunakili vinasaba vyake. Kundi la Roy Kishony, Harvard, mwaka 2009 lilionesha kwamba bakteria akipigwa hivyo anafanya kosa la kiutawala: DNA imekwama lakini yeye anaendelea kufyatua ribosomu kana kwamba mambo ni shwari, anajaza protini ambazo hazilingani na DNA aliyonayo, na huko kutolingana kunamuumiza kuliko hata kukwama kwenyewe. Ni kama kampuni imekosa wateja halafu meneja anaendelea kuajiri. Doksi ikija ikavifunga baadhi ya viwanda, inamsaidia huyo meneja kupunguza wafanyakazi, hesabu zinakaa sawa, bakteria anapumua. Wakathibitisha kwa kumkata E. koli baadhi ya jeni za kutengeneza ribosomu (anazo seti 7, wakawa wanamwondolea moja moja), na walipofika pazuri ule msaada wa doksi ukapotea, maana bakteria alikuwa ameshapunguza viwanda tayari, hana tena cha kusaidiwa.

Na kuna kisa cha 2007 cha kundi hilo hilo ambacho watu wa usugu wanakipenda sana. Walichanganya bakteria wa kawaida na bakteria wenye usugu wa doksi, wakawaweka kwenye mchanganyiko wa doksi na sipro. Akili ya kawaida inasema mwenye usugu atashinda. Kumbe kwenye viwango fulani anashinda yule wa kawaida! Sababu ni kwamba mwenye usugu anaitupa doksi nje, kwa hiyo anapoteza na kinga ambayo doksi ilikuwa inampa dhidi ya sipro, anabaki uwanjani peke yake na sipro inampiga. Kwa maneno mengine ugomvi wa dawa mbili unaweza kutumika kuwaadhibu wasugu. Ni wazo zuri sana, na kuna watu mtandaoni wanalibeba kama vile kesho litakuwa famasi. Taratibu. Hayo yamefanyika maabara, kwenye viwango vilivyopimwa kwa makini, kwa mdudu mmoja aliyefugwa. Kwenye kibofu cha dada wa watu viwango vinapanda na kushuka kila baada ya kidonge, doksi inafika kivyake, sipro kivyake, na hujui hata mdudu mwenyewe ni nani maana mkojo uliangaliwa tu kwa darubini wakaonekana "pus cells" (seli za usaha) basi ikaandikwa UTI. Siwezi kusema yule dada hatapona. Ninachosema ni kwamba yule muuzaji hakuwa na sababu hata moja ya kuamini kwamba mbili zinapiga kuliko moja, na zipo sababu za kuogopa kwamba zinapiga kidogo zaidi.

Hapo nilikuwa nazungumzia dawa moja kuizuia nyingine kufanya kazi. Kuna ubaya wa pili ambao kwangu ni mbaya zaidi, dawa moja KUAMSHA usugu dhidi ya nyingine. Hili nimeliona kwa macho yangu na nina deni nalo.

Ilikuwa ni usaha wa kidonda cha mguu, mgonjwa ana aleji ya penisilini. Kalcha, yaani kuotesha bakteria, ikatoa staf (stafilokokasi). Nikapanga diski zangu kwenye pleti ya Mueller-Hinton kwa mpangilio tuliozoea pale, erithromaisini ikaangukia upande mmoja wa pleti na klindamaisini upande wa pili kabisa, wanatazamana kwa mbali kama wapinzani wa jimbo moja. Asubuhi nikasoma zoni, lile eneo kuzunguka diski ambapo bakteria hawakuota: erithromaisini R (bakteria ni sugu kwake), klindamaisini S (inamuweza), zoni kubwa nzuri ya duara. Nikaandika, nikasaini, ripoti ikaenda. Daktari akafanya kinachofanywa na daktari yeyote mwenye akili, akampa klindamaisini. Baada ya siku kadhaa usaha mwingine ukarudi mezani kwangu, mguu ule ule, staf yule yule, na safari hii klindamaisini R, bakteria wamesogea mpaka wanaigusa diski.

Nilikuwa nimebaki na bakteria wa mwanzo kwenye friji. Nikawaotesha upya, nikaweka diski zile zile mbili, tofauti ni moja tu, safari hii nikaziweka jirani, kama milimita 15 kutoka ukingo wa moja hadi ukingo wa nyingine. Kesho yake nikafungua inkubeta nikaona zoni ya klindamaisini imekatwa upande mmoja, upande unaotazama erithromaisini umenyooka kama umepigwa rula, upande mwingine duara. Herufi D kabisa, kubwa, hata mtoto wa chekechea angeisoma.

Maana yake ni hii. Huyo staf ana jeni inaitwa erm, inayotengeneza kimeng'enya cha kubandika alama ndogo ya kikemikali kwenye ribosomu, mahali pale pale ambapo erithromaisini, azithromaisini na klindamaisini zinapokaa. Alama ikishabandikwa zote tatu zinakosa kiti. Lakini kutengeneza hicho kimeng'enya siku zote ni gharama, kwa hiyo bakteria kaiweka ile jeni kama barua iliyokunjwa, haisomeki, na inafunguka tu pale mashine ya kusoma inapokwama kwenye mistari ya mwanzo. Nini kinaikwamisha? Erithromaisini. Au azithromaisini. Klindamaisini yenyewe haiamshi kitu, ndiyo maana ukiiweka peke yake bakteria anaonekana mpole, anakupa zoni ya duara, anakudanganya. Mpelekee na erithromaisini kidogo pembeni, barua inakunjuka, na klindamaisini inakufa pamoja na iliyoiamsha. Na hata usipompa erithromaisini, ndani ya umati wa bakteria kama huo kuna wachache ambao barua yao imeharibika ikabaki wazi muda wote, ukitumia klindamaisini peke yake unawafagilia njia hao.

Baadaye ndipo nikaambiwa kabla ya kufika hospitali mgonjwa alikuwa ameshameza azuma ya dukani. Azithromaisini, kwa wasiojua, ni dawa inayokaa mwilini, nusu yake inachukua karibu siku tatu kutoka, na kwenye nyama za mwili inajikusanya inabaki siku kadhaa baada ya kidonge cha mwisho. Siwezi kuapa kwamba ile azuma ndiyo iliyomfungulia bakteria barua. Ila pleti yangu ya pili ilikuwa inanionesha picha hiyo hiyo kwa udogo, na pleti ya kwanza ningeweza kuipanga hivyo hivyo tangu mwanzo, kwa diski zile zile, kwa gharama ya shilingi sifuri, kusogeza tu mkono.

Sio staf pekee. Entarobakta na sudomonasi wana kisa chao, ukiwapa sefoksitini au imipenemu wanaanza kumwaga kimeng'enya cha kuvunjavunja dawa za ukoo wa penisilini, imipenemu mwenyewe anakivumilia kile kimeng'enya kwa kiasi kikubwa lakini seftazidimu aliye jirani anasagwa, na kwenye pleti unaona zoni imenyooka upande mmoja vile vile. Watu walishayaandika haya tangu miaka ya 1980.

Sasa kabla hujakimbilia kutupa vidonge vyako, ngoja. Zipo jozi zinazopendana kwelikweli. Ampisilini na jentamaisini tunazowapa watoto wachanga kila siku kwenye wodi zetu ni mfano, ampisilini inatoboa ukuta, jentamaisini inapenya kwenye tundu. (Na ajabu yake, hizo hizo mbili ukizichanganya kwenye sirinji moja zinaharibiana kabla hazijafika kwa mtoto, manesi wazoefu wanajua, kila moja na sirinji yake. Mapenzi yao ni ya ndani ya mwili tu.) Ila hata hayo mapenzi yana masharti, entarokokasi akiwa na usugu mkubwa wa jentamaisini ndoa imekwisha, unabaki unampa mgonjwa sumu ya figo bila faida.

PID nayo (maambukizi ya mji wa mimba na mirija yake), au gono na klamidia kwa pamoja, unaweza kupewa sindano ya seftriaksoni halafu doksi juu yake, na flaji kwa PID, muuaji na msimamishaji hao hao niliowasema, na ni sahihi, kwa sababu pale kila dawa ina mdudu wake wa kumfuata. Swali sio idadi. Swali ni kama mbili zinamgombania mdudu mmoja.

Na TB ndiyo inatufunza vizuri kuliko zote, na somo lenyewe lilifanyikia hapa hapa kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Afrika Mashariki pamoja na Waingereza waliwafuatilia wagonjwa wa Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia kwenye matibabu ya miezi 6 badala ya mwaka na nusu, matokeo ya kwanza yakatoka 1972. Msingi ulikuwa streptomaisini na isoniazidi, kuna waliopewa hizo mbili tu na kuna walioongezewa ya tatu. Waliopata rifampisini ugonjwa uliwarudia wachache sana, waliopata pirazinamidi nao wachache, lakini waliopata thiasetazoni ugonjwa uliwarudia karibu sawa na wasioongezewa kitu. Makundi yote hayo matatu yalikuwa yanapewa dawa "tatu". Ukiniuliza mimi, hilo jedwali la 1972 lingebandikwa ukutani kila duka la dawa. RHZE (mchanganyiko wa dawa nne za TB) unayopewa leo kliniki ya TB inatokana na ubishi wa namna hiyo, watu walikaa wakapima nani anamsaidia nani, hawakukisia.

Hapo ndipo malalamiko yangu yanapokaa. Mwaka 2019 pekee usugu wa bakteria unakadiriwa uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani, na makadirio hayo hayo yalionesha kanda iliyoathirika kuliko zote kwa kulinganisha idadi ya watu ni Afrika, upande wa magharibi kusini mwa Sahara, kwa hiyo sisi sio watazamaji. Tunahubiriwa kila siku pima kwanza, fanya kalcha na sensitiviti, na mimi mwenyewe ni mhubiri. Lakini ripoti tunayoitoa inajibu swali la dawa moja moja. Sipro S. Doksi S. Jentamaisini R. Kila dawa imepimwa ikiwa peke yake kwenye kona yake ya pleti, na tunazipanga kwa umbali makusudi ili zisigusane. Halafu ripoti inakwenda kwa mtu ambaye atampa mgonjwa dawa mbili kwa wakati mmoja, akiona S mbili anazijumlisha. Hakuna mahali popote kwenye ile karatasi panaposema S na S ukiziweka pamoja zinaweza kuzaa kitu kingine.

Kupima jozi kunawezekana. Kuna njia tungeweza kuiita ya drafti, unachukua pleti yenye vishimo 96, safu 8 kwa 12, dawa moja inaongezeka ukienda kulia, nyingine inaongezeka ukishuka chini, bakteria kila kishimo, halafu unasoma wapi kumeota. Unapiga hesabu, ikija 0.5 au chini zinasaidiana, ikizidi 4 zinapingana, katikati hapo hakuna cha kujisifia. Nimeifanya mara chache kwenye mafunzo na inachosha, kwa mgonjwa mmoja na jozi moja unaweza kula nusu siku ukipipeti. Hakuna maabara ya wilaya itafanya hiyo kwa kila mkojo, wala siiombi, na mtu akija kuniambia tatizo letu litaisha kwa kununua mashine nitamuuliza vitendanishi vitanunuliwa na nani mwaka wa pili.

Ninachoomba ni vitu vya bei ya bure. Diski ya erithromaisini na ya klindamaisini zikae jirani kila kwenye pleti ya staf, kila siku, bila kusubiri kuombwa, na ikitokea D iandikwe klindamaisini R hata kama zoni ina ukubwa wa kombe. Miongozo ya kimataifa inasema hivyo miaka nenda rudi. Muuza dawa aache kuongeza ya pili kwa sababu ya neno "sugu" kwenye kikaratasi, maana mara nyingi hiyo sugu ni ugonjwa uliorudi na wala sio usugu wa dawa, na kama ni usugu kweli basi ndiyo wakati mbaya kuliko wote wa kubahatisha jozi. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya michanganyiko ya antibayotiki isiyopendekezwa, ndani yake zimo ambazo kwetu ni za kawaida kabisa kwenye shelfu, ampisilini na kloksasilini kwenye kapsuli moja imo, sipro na tinidazoli kwenye kidonge kimoja imo. Sio kwamba zote hizo zinagombana kama nilivyoeleza, ila hakuna aliyeonesha kwamba kuziunganisha kunamsaidia mgonjwa kuliko kumpa moja iliyo sahihi.

Na jingine ni la kujaza fomu. Fomu ya kuomba kipimo ina mstari mmoja unaosema antibayotiki alizotumia mgonjwa wiki mbili zilizopita. Huo mstari kwangu ni dhahabu, ndio ungeniambia kuhusu azuma ya yule mgonjwa wa mguu, ningeshtuka nikasogeza diski mapema. Kesho yake baada ya lile tukio la dukani niliingia kazini nikakuta vikopo 11 vya mkojo vimepangwa na fomu zake. Nikazipitia zote kuangalia ule mstari tu. Kumi ziko tupu. Ya kumi na moja imeandikwa: "za rangi mbili."